Juri na Kesi Ambayo Kila Mtu Amekwisha Kuihukumu

Mwezi Februari 1961, katika mji wa Lake Charles, jimbo la Louisiana, benki iliibiwa, na mfanyakazi wake mmoja akauawa. Usiku uleule alikamatwa kijana mweusi wa miaka 19, Wilbert Rideau. Kulipokucha, sherifu wa wilaya alimhoji ndani ya jela mbele ya kamera, bila wakili pembeni, na Rideau akakiri kila kitu. Filamu hiyo ya dakika zipatazo 20 ikaonyeshwa kwenye televisheni ya mji siku tatu mfululizo. Ilikadiriwa kwamba siku ya kwanza waliitazama watu 24,000, ya pili 53,000, ya tatu 20,000, katika wilaya ya watu wapatao 150,000. Kesi ilipofika mahakamani, watatu kati ya wanajuri 12 walikuwa wameiona filamu, na wawili walikuwa askari wasaidizi wa sherifu yuleyule. Rideau akahukumiwa kifo.

Mwaka 1963 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta hukumu hiyo, na haikuhitaji hata kuchunguza kila mwanajuri alikuwa na nini moyoni. Majaji waliona kwamba kesi ya kweli ilikwisha kufanyika kwenye televisheni, na yaliyofuata mahakamani yalikuwa ya kutimiza wajibu tu.

Swali ambalo kesi ile ililiacha bado linatusumbua, na kwa zama hizi za simu mkononi limezidi uzito. Je, watu 12 waliookotwa mitaani, wanaosikia redio na kusoma magazeti kama sisi sote, wanaweza kukaa kwenye viti vya juri na kumwamulia kwa haki mtu ambaye jina lake limekuwa gumzo la nchi nzima? Ninavyoona, wanaweza, na mara nyingi wamefanya hivyo. Ila tumezoea kuiogopa hatari isiyo yenyewe. Tunahesabu wingi wa habari, ilhali kinachoharibu juri ni aina ya habari, na zaidi ya hapo, ni hofu ya mwanajuri juu ya namna atakavyopokewa na watu wake akisharudi nyumbani.

Tuanze na sheria yenyewe. Marekebisho ya Sita ya Katiba ya Marekani yanampa mshtakiwa haki ya kuhukumiwa na juri isiyopendelea, inayotoka katika jimbo na wilaya ambako kosa lilitendeka. Masharti hayo mawili yanavutana. Wakazi wa mahali pa tukio ndio waliolia, ndio waliofunga maduka, ndio waliokwenda mazishini. Na haohao ndio wanaotakiwa wasiegemee upande.

Mvutano huo ulijitokeza mapema sana. Mwaka 1807, huko Richmond, Virginia, Aaron Burr, aliyewahi kuwa makamu wa rais, alishtakiwa kwa uhaini. Miezi kadhaa kabla ya kesi, Rais Thomas Jefferson alikuwa amelitaarifu Bunge kwamba hatia ya Burr haina shaka. Kama rais wa nchi amesema hivyo, mkulima wa Virginia atabaki na akili tupu namna gani? Jaji Mkuu John Marshall, aliyeongoza shauri hilo, aliweka kipimo ambacho wanasheria wanakitumia hadi leo: dhana nyepesi, ambayo ushahidi unaweza kuiondoa, haimzuii mtu kuwa mwanajuri, dhana nzito, iliyokwisha kuufunga mlango wa akili, inamzuia. Juri ikamwona Burr hana hatia.

Nakipenda kipimo cha Marshall kwa sababu hakidai ujinga. Mtu asiyejua lolote kuhusu jambo lililotikisa nchi yake huenda ni mtu asiyejali, na sioni kwa nini asiyejali awe mwamuzi bora kuliko anayefuatilia. Shida yake ni moja: nani atapima uzito wa dhana iliyo ndani ya kichwa cha mtu?

Kwa muda mrefu jibu la mahakama lilikuwa kumuuliza mtu mwenyewe. Katika kesi ya Leslie Irvin, aliyetuhumiwa kwa mauaji kadhaa kusini mwa Indiana katikati ya miaka ya 1950, shauri lilihamishiwa wilaya jirani, lakini wakazi wa huko walisoma magazeti yaleyale. Waliitwa watu 430 ili wapatikane wanajuri 12. Kati yao 268 waliondolewa kwa sababu walikwisha kuamua kwamba Irvin ana hatia. Na kati ya 12 waliobaki, wanane walisema wazi kwamba wanaamini aliua, kisha kila mmoja wao akamhakikishia jaji kwamba atatenda haki. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ilikataa hakikisho hilo. Haikuwaita waongo. Ilichosema ni kwamba wingi na ukali wa hisia zilizokuwa zimeenea pale ulikifanya kiapo cha mtu mmoja mmoja kisitoshe.

Miaka mitano baadaye mahakama hiyohiyo iliifuta hukumu ya daktari Sam Sheppard wa Ohio, aliyetiwa hatiani mwaka 1954 kwa kumuua mke wake. Magazeti ya Cleveland yalidai akamatwe kabla polisi hawajamaliza uchunguzi. Majina na anwani za watu walioitwa kwa ajili ya juri yalichapishwa, nao wakaanza kupokea barua na simu za watu wasiowajua. Ndani ya mahakama waandishi walipewa meza karibu mno na mshtakiwa, hata akashindwa kunong'ona na wakili wake bila kusikika. Lawama ya Mahakama ya Juu ilimwangukia jaji wa kesi kuliko magazeti: yeye ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuuzuia ule mnada, na hakuyatumia. Sheppard alishtakiwa upya mwaka 1966, akaachiwa huru. Irvin, kwa upande wake, aliposhtakiwa upya alitiwa hatiani tena, akafungwa maisha.

Hapo pana jambo la kutafakari. Kesi mbili zilifutwa kwa sababu ya kelele za magazeti. Zilipohukumiwa tena, moja ikaishia kwenye hatia na nyingine kwenye uhuru. Kwa hiyo hatuwezi kupima haki ya juri kwa kuangalia kama iliamua tulivyotaka sisi.

Wanasaikolojia wamejaribu kupima kwa njia nyingine. Mwaka 1999 Nancy Steblay na wenzake walikusanya matokeo ya majaribio 44, yenye washiriki 5,755, wakaona kwamba waliosoma habari mbaya kuhusu mshtakiwa kabla ya kesi walielekea zaidi kumwona ana hatia. Wapo wanaosema kwamba washiriki wengi wa majaribio ya namna hii ni wanafunzi wanaosoma kesi kwenye karatasi, ambao hawajakaa wiki sita wakimtazama shahidi akijikanyaga mbele ya maswali ya wakili. Ni kweli. Lakini hoja hiyo haiondoi somo kuu: mtu huathiriwa bila kujua kwamba ameathiriwa. Mwanajuri anaposema nitatenda haki, anasema ukweli kama anavyoujua, na ukweli huo hautufikishi mbali.

Ndiyo maana nahesabu uamuzi wa mwaka 1991 katika kesi ya Mu'Min, iliyotoka Virginia, kuwa kosa. Wanane kati ya wanajuri 12 walikuwa wamesikia au kusoma habari za mshtakiwa. Mawakili wake waliomba kila mmoja aulizwe amesikia nini hasa. Jaji wa kesi alikataa, akatosheka na kuuliza kama wanaweza kuwa waadilifu, na Mahakama ya Juu ikamuunga mkono kwa kura tano dhidi ya nne. Tofauti ya maswali hayo mawili ni kubwa. Aliyesikia kwamba kulitokea mauaji mahali fulani hajadhurika. Aliyesikia kwamba mshtakiwa aliwahi kufungwa, au kwamba alikiri na mahakama ikalikataa ungamo lake kwa sababu lilipatikana kwa vitisho, amekwisha kupewa ushahidi ambao sheria imeuzuia usimfikie, na wakili hatapata nafasi ya kuujibu kwa sababu hajui kama umo. Rideau hakuharibiwa na wingi wa watazamaji peke yake. Aliharibiwa na kile walichokitazama.

Mjadala huo uliibuka tena katika kesi ya Dzhokhar Tsarnaev, aliyelipua mabomu kwenye mbio za marathoni za Boston tarehe 15 Aprili 2013. Watu 1,373 walijaza hojaji ndefu, na waliobaki wakahojiwa ana kwa ana kwa wiki kadhaa. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ilifuta adhabu ya kifo kwa sababu, pamoja na mengine, jaji hakukubali wote waulizwe ni habari gani walizipata. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikairudisha adhabu hiyo kwa kura sita dhidi ya tatu. Utetezi haukubisha kwamba Tsarnaev alifanya kitendo kile. Kilichobishaniwa kilikuwa aishi au afe. Kwa uamuzi wa namna hiyo, kujua mwanajuri amesikia nini lilikuwa jambo la dakika chache kwa kila mtu, na sioni gharama iliyozuia lisifanyike.

Dawa inayotajwa upesi kuliko zote ni kuhamisha shauri. Baada ya bomu la Oklahoma City la tarehe 19 Aprili 1995, lililoua watu 168, Jaji Richard Matsch aliihamishia kesi ya Timothy McVeigh Denver, jimbo la Colorado. Mshtakiwa alitiwa hatiani mwaka 1997, na uhamisho ule unaheshimiwa mpaka leo. Lakini uhamisho hubadilisha watu pamoja na mahali. Kesi ya askari wanne waliorekodiwa wakimpiga Rodney King mwaka 1991 ilitolewa Los Angeles, ikapelekwa Simi Valley, wilaya ya Ventura, ambako weusi ni wachache. Juri haikuwa na mweusi hata mmoja. Tarehe 29 Aprili 1992 ilitoa uamuzi usiomtia hatiani hata askari mmoja, na ghasia zilizofuata Los Angeles ziliua watu zaidi ya 60. Waliokimbia kelele walikuta kwingine kuna upendeleo wa kimyakimya.

Wasomaji wa Kenya wana mfano mkali zaidi. Jomo Kenyatta na wenzake watano waliposhtakiwa mwishoni mwa 1952 kwa kuiongoza Mau Mau, serikali ya kikoloni haikuiendesha kesi Nairobi. Iliipeleka Kapenguria, kijiji cha mbali kaskazini-magharibi, mahali ambapo mawakili, waandishi na umati walifika kwa taabu. Hakukuwa na juri. Aliyeamua alikuwa mtu mmoja, Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyeteuliwa mahususi kwa shauri hilo, ambaye wanahistoria wameandika kwamba aliandaliwa malipo ya pauni 20,000. Tarehe 8 Aprili 1953 aliwatia hatiani. Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi aliyetegemewa sana, akatangaza kwamba alikuwa amesema uongo. Anayeamini kwamba hakimu mwenye taaluma, akiwa peke yake, ni kinga ya kutosha dhidi ya kesi zenye joto la siasa, aanze kwa kuisoma Kapenguria. Kuushika mkono mmoja ni rahisi kuliko kuishika mikono 12.

Kenya hiyohiyo ilikuwa na juri, lakini kwa Wazungu tu. Juri ya walowezi ndiyo iliyomwachia huru Sir Jock Delves Broughton mwaka 1941, aliposhtakiwa kwa kumuua Lord Erroll, kesi iliyosomwa hadi London licha ya vita. Juri ya Wazungu ndiyo pia iliyomtia hatiani Peter Poole kwa kumuua Mwafrika, Kamame Musunge, naye akanyongwa mwaka 1960 baada ya walowezi wengi kumwombea msamaha. Uamuzi wa pili unastahili heshima yake: wanajuri wale walijua wangekutana na nani klabuni jioni. Mwafrika aliyeshtakiwa hakupewa juri. Alipata jaji na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Utaratibu huo wa wazee wa baraza uliendelea Tanganyika, Kenya na Uganda baada ya uhuru. Kenya iliufuta mwaka 2007.

India nayo iliwahi kuwa na juri. Mwaka 1959 ofisa wa jeshi la majini, K. M. Nanavati, alimpiga risasi mpenzi wa mkewe mjini Bombay. Gazeti la Blitz lilimtetea wiki baada ya wiki kama mume mwadilifu aliyedhulumiwa. Juri ikamwona hana hatia kwa kura nane dhidi ya moja. Jaji aliukataa uamuzi huo, akaupeleka Mahakama Kuu, na Nanavati akatiwa hatiani kwa mauaji. Husemwa kwamba kesi hii ndiyo iliyoua juri ya India. Kwa kweli Tume ya Sheria ilikwisha kupendekeza ifutwe mwaka 1958. Kinachonivutia ni kwamba hapa umaarufu ulimnufaisha mshtakiwa. Tunapozungumzia upendeleo tunasahau kwamba aliyeuawa naye ana haki, na hana wakili wa magazeti.

Afrika Kusini, iliyofuta juri mwaka 1969, ilimhukumu mwanariadha Oscar Pistorius mwaka 2014 mbele ya Jaji Thokozile Masipa na washauri wawili, huku dunia ikitazama moja kwa moja kwenye televisheni. Jaji alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Desemba 2015 mahakama ya rufaa ililigeuza kosa kuwa mauaji, na iliweza kufanya hivyo kwa sababu Masipa alikuwa ameandika hoja zake zote, na kosa la kisheria likaonekana kwenye karatasi. Nguvu ya jaji dhidi ya juri iko hapo, katika sababu zilizoandikwa. Moyo wake si safi kuliko wa dereva au muuguzi. Juri husema ana hatia au hana, ikanyamaza.

Uingereza ilichagua njia ya kuvifunga mdomo vyombo vya habari kwa muda: tangu mtu anapokamatwa, sheria ya mwaka 1981 inaweza kuliadhibu gazeti linalochapisha jambo lenye hatari kubwa ya kuipotosha kesi. Marekani haiwezi kufuata njia hiyo; mwaka 1976 Mahakama ya Juu yake iliamua kwamba kuzuia magazeti yasichapishe ni hatua isiyoruhusika isipokuwa kwa nadra sana. Lakini hata ukuta wa Uingereza umetobolewa na intaneti. Katika utafiti wa Profesa Cheryl Thomas wa mwaka 2010, asilimia 12 ya wanajuri wa kesi mashuhuri walikiri kwamba walitafuta habari za kesi mtandaoni, na mwaka 2015 bunge likafanya utafutaji huo kuwa kosa la jinai. Kuwafungia wanajuri hotelini nako kuna mwisho wake. Juri ya O. J. Simpson ilitengwa na familia zake kwa zaidi ya miezi minane mwaka 1995, kisha ikaamua kwa chini ya saa nne. Sijui nani angependa hatima yake iamuliwe na watu waliochoka kiasi hicho.

Sasa nirudi kwenye hofu, kwa kuwa ndipo ninapoona hatari kubwa. Mwaka 1913, huko Atlanta, umati uliizunguka mahakama iliyokuwa ikimhukumu Leo Frank, Myahudi aliyetuhumiwa kumuua binti mdogo. Hali ilikuwa mbaya hata jaji na mawakili wakakubaliana kwamba mshtakiwa na watetezi wake wasiwepo uamuzi ukisomwa, wasije wakauawa endapo ataachiwa. Wanajuri walizisikia sauti zilezile kupitia madirishani. Frank alitiwa hatiani, gavana akampunguzia adhabu ya kifo, na mwaka 1915 genge likamtoa gerezani likamnyonga. Mwaka 1955, huko Sumner, Mississippi, waandishi kutoka pande nyingi walijaa kwenye kesi ya waliomuua Emmett Till, mtoto wa miaka 14. Wanaume 12 weupe waliwaachia huru washtakiwa kwa muda wa saa moja na ushei, na miezi michache baadaye washtakiwa wenyewe wakakiri katika jarida la Look. Magazeti ya nje hayakuwagusa wanajuri wale. Waliwasikiliza majirani.

Kwa hiyo nilipofuatilia kesi ya Derek Chauvin, askari aliyemuua George Floyd, kilichonitia wasiwasi zaidi kilikuwa uzio na wanajeshi nje ya jengo la mahakama. Video ile dunia nzima iliiona, lakini video ilikuwa ushahidi halali, na juri ingeionyeshwa kwa vyovyote. Mengine Jaji Peter Cahill aliyashughulikia kwa uangalifu. Tarehe 12 Machi 2021, uteuzi wa wanajuri ukiendelea, jiji la Minneapolis lilitangaza kuilipa familia ya Floyd dola milioni 27. Cahill aliwaita tena wanajuri waliokwisha kuchaguliwa, akamuuliza kila mmoja amesikia nini na kimemgusa vipi, na wawili akawaondoa. Alikataa kuhamisha kesi kwa hoja kwamba Minnesota nzima haikuwa na pembe ambayo habari hazijafika. Majina ya wanajuri aliyaficha.

Hatua hiyo ya mwisho hudharauliwa kana kwamba ni ya utawala tu. Mwaka 2011, huko Florida, Casey Anthony alikuwa amechukiwa kuliko mtu yeyote kwa tuhuma za kumuua mwanawe. Juri ililetwa kutoka wilaya ya Pinellas, mbali na Orlando, ikasema upande wa mashtaka haujathibitisha mauaji. Uamuzi ulikwenda kinyume na nchi nzima, na jaji akalazimika kuyazuia majina ya wanajuri kwa miezi kadhaa kwa sababu ya chuki waliyoelekezewa. Wanajuri wale walifanya kile walichoapa. Tunaotaka wengine wafanye hivyo hatuna budi kuwaambia mapema, kabla hawajasikia shahidi wa kwanza, kwamba watalindwa.

Lipo pia suala la kura. Sharti la kukubaliana wote humpa nguvu yule mmoja aliyebaki na shaka wakati 11 wenzake wameingia na hatia iliyosomwa gazetini. Louisiana, jimbo la Rideau, iliukwepa ulinzi huo kwa zaidi ya miaka 100. Mkutano wake wa katiba wa mwaka 1898 ulikusudia, pamoja na mengine, kuzifanya sauti za wanajuri weusi zisihesabike. Kwa miongo mingi kura 10 dhidi ya mbili zilitosha kumfunga mtu maisha. Mwaka 2020, katika kesi ya Ramos, Mahakama ya Juu ilisema Katiba inadai wote 12 wakubaliane. Mwaka uliofuata ikaamua kwamba kanuni hiyo haiwafikii waliokwisha kumaliza rufaa zao. Oregon, jimbo jingine lililokuwa na utaratibu huo, iliamua mwaka 2022 kuwafungulia mlango wafungwa wa zamani. Mahakama ya juu ya Louisiana ilikataa mwaka huohuo, na wapo watu gerezani huko leo ambao wanajuri wawili waliosikiliza ushahidi wote walisema hawana hatia.